Mkate wa Watu na Mkate Wetu

Fereej Bin Mahmoud, Doha
Jumanne, baada ya alasiri

Dada yangu Zuwena,

Assalaam aleikum. Kama ningekuwa mtu wa kufuata adabu za barua ningeanza kwa kukwambia kuwa mimi mzima, wasiwasi wangu ni juu yenu tu. Wasiwasi kweli ni juu yenu. Huo uzima ndio sina hakika nao. Mwili upo, unakwenda kazini, unarudi, unakula wali aliopika mwenzangu wa chumbani. Mimi mwenyewe sijui niko wapi. Vipi mgongo wako? Na Mama anaamkaje? Anakula? Siku hizi anamjua nani?

Barua hii anakuletea Makame, yule dereva wa hoteli wa kwao Mwanakwerekwe, anaondoka kesho kwa likizo. Yeye likizo kapata, mwache afurahi. Pamoja na barua amekukabidhi mfuko wenye mikate saba ya duara. Tafadhali usiigawe kwanza. Sita ni sawasawa, wa saba umefungwa peke yake kwenye kitambaa cheupe. Uache hapo hapo ulipo mpaka umalize kusoma.

Utashangaa, zama hizi za simu, mtu mzima amekaa kitandani na kalamu. Lakini kwenye simu siwezi kusema haya. Wewe ukipokea unaweka sauti kubwa ili Mama asikie, nami nikimsikia anavyopumua pale naanza kuchekacheka, "huku salama, kazi nzuri, joto tu." Uongo mtupu. Na ile simu ya Ijumaa, wiki tatu zilizopita, ndiyo iliyonimaliza. Ulimwambia, "Mama, zungumza na Hamadi." Akauliza, "Hamadi gani?" Ukamwambia, "Hamadi mwanao." Naye akajibu kwa upole, sauti ile anayowajibia wageni, "Hamadi yuko chuoni. Akirudi, mkate wake nimemwekea." Wewe ukacheka kidogo ili nisiumie. Mimi nikakata simu, halafu nikakuandikia ujumbe kwamba mtandao mbaya. Haukuwa mtandao, Dada. Nilikaa kwenye ngazi za jengo hili nikalia mpaka mzee mmoja wa Kihindi wa ghorofa ya pili akaniletea maji ya kunywa.

Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, niliondoka nina miaka kumi na tatu. Sasa nina thelathini na sita na mvi nimeanza kuota. Mama amenipoteza mimi huyu mkubwa, amebaki na yule mdogo mwenye juzuu kwapani. Nataka kufika kabla hajampoteza na yule pia. Hilo tu ndilo ninalolitaka duniani, na kinachonizuia ni mkate. Wallahi, mkate. Usicheke.

Nikuanzie mwanzo. Unajua ule mkahawa wetu wa Al Sadd, nilikutumia picha nimesimama mlangoni na kofia ya kijinga. Mwenyewe ni Mkatari, Bwana Nasser. Alisoma New York, mkewe akasoma Montreal, huko Kanada, na wote wawili walirudi na vyeti vyao na ugonjwa mmoja. Ugonjwa huo unaitwa beigeli. Ni mkate wa duara wenye tundu katikati. Ukiuona kwa mbali utasema donati, lakini ukiung'ata utaiomba donati radhi. Wanaupasua katikati, wanaupaka jibini nyeupe laini, wanaweka samaki wa moshi, na mtu anakaa nao saa nzima kama anakula pilau ya harusi.

Likizo yangu ilikuwa iwe mwezi huu. Karatasi imejazwa, saini ipo. Akaja Bwana Nasser akasema mkahawa unafanyiwa ukarabati, utafunguliwa upya, na beigeli ndiyo itakayotutambulisha mjini. Muokaji ni Hamadi. Na Hamadi haendi popote mpaka beigeli ikubalike. Meneja wetu, Madamu Rima, mama wa Kilebanoni mwenye roho nzuri na sauti mbaya, akaniambia, "Mafi mushkila, hakuna shida, Hamadi, wewe muokaji. Duara, tundu, oveni, khalas!" Nami nikajisemea, mtoto wa Bi Mwanaidi wa mkate wa ufuta ashindwe na mkate wenye tundu? Hapo ndipo kiburi kilipoingia, Dada, na kiburi ndicho kilichonilia likizo yangu.

Walituletea mwalimu kutoka New York, akakaa nasi wiki moja. Mzee Saul, mfupi, miaka yake sabini na kitu, mikono ya Mama kabisa: vidole vifupi, kucha zimekatwa mpaka nyamani, ngozi laini kwa unga. Nilimpenda siku ile ile. Yeye ni Myahudi, na aliniambia mkate huu ni wa wazee wake. Ulizaliwa Poland, kwenye baridi, mikononi mwa waokaji wa Kiyahudi, na ulikuwa ukiuzwa mitaani umetungwa kwenye kijiti au kamba, ndiyo kazi ya lile tundu. Maisha yalipowawia magumu kule wakavuka bahari. Waliofikia New York wakaupika kwa namna yao: mnene, wa chumvi chumvi, unachemshwa kwenye maji yenye shira ya shayiri. Waliofikia Montreal wakaupika kwa namna yao: mwembamba, tundu kubwa, unachemshwa kwenye maji ya asali, unaokwa kwenye tanuri la kuni, umejaa ufuta. Mpaka leo watu wa miji hiyo miwili wanabishana upi ndio wenyewe. Mzee alisema kazi hiyo baba alikuwa akimrithisha mwana, na mtu wa nje haonyeshwi kirahisi.

Madamu Rima akasikia, akaja juu. "Ati Poland! Bibi yangu Lebanoni alikuwa akinunua kaaki ya duara yenye ufuta kabla hao hawajajua unga!" Mzee akamcheka, akamwambia mikate ya duara ina ndugu wengi duniani, ila huu unaogeshwa kwanza. Na kweli, hapo ndipo penyewe. Unauchemsha majini, halafu ndipo unauoka. Mimi nilipoona anatia unga mbichi kwenye sufuria ya maji yanayochemka nilitaka kumshika mkono. Nilidhani mzee kachanganyikiwa.

Aliniambia jambo moja lililonigusa. Zamani huko kwao beigeli ilikuwa zawadi ya kumpelekea mwanamke aliyejifungua. Nikamwambia kwetu mzazi hupelekewa uji wa pilipili manga, lakini mama yangu alikuwa akiongeza na mkate wa ufuta juu yake, mzazi yeyote mtaani petu, awe ndugu asiwe ndugu. Mzee akasema, "Basi mama yako na bibi yangu wangeelewana." Nikataka kumwambia kuwa mama yangu anasahau. Nikaendelea kukanda.

Sasa sikiliza ujinga nilioufanya, na wewe peke yako ndiye utakayeuelewa, maana wewe ulikuwa ukipepea makaa mimi nikipakata bakuli. Mama alitufundisha nini? Unga ukikaza mkate umekufa. Upige na tui mpaka ulegee, mpaka ukining'inia mkononi. Uweke pajoto, ufure, utoe mapovu, ndipo uumwage kwenye chuma. Mkate mzuri ni laini, mtoto asiye na meno anaula, mzee asiye na meno anaula. Ni kweli au si kweli?

Basi unga wa Mzee Saul ulikuwa mkavu, mgumu, unakandwa mpaka mabega yanalia. Niliona aibu kwa niaba yake. Nikasema maskini, uzee, kasahau kipimo cha maji. Kila akigeuka nilikuwa nikichovya kiganja kwenye maji na kuulainisha unga wake, kidogo kidogo, kwa siri, nikidhani namsitiri. Akisema mikate iliyokwisha kufinyangwa ilale kwenye friji mpaka kesho yake, mimi naona mambo gani haya, hamira inalala baridini? Ya kwangu nikawa naiacha dirishani palipo na joto, jua la Doha linapiga kioo, saa moja tu imefura kama mashavu ya mpiga zumari. Nikajiona fundi. Mzee akawa anaitazama mikate yangu anakuna kichwa, anaonja maji, anabadilisha unga, anasema labda ni hewa ya huku, labda ni haya maji ya bahari yaliyochujwa. Watu wa New York huamini kuwa siri ya mkate wao ni maji ya mji wao. Yeye mwenyewe haamini, alisema siri ni subira na mikono, lakini wiki ile nusura nimfanye aamini. Akaondoka na huzuni. Mpaka leo sijamwomba radhi, na majuto ni mjukuu.

Siku ya kuonja, Alhamisi, Bwana Nasser akakaa na mkewe meza ya dirishani. Nikawapelekea beigeli yangu. Nzuri kwa macho, imenona, inang'aa. Akaibonyeza, ikazama. Akaing'ata, ikayeyuka mdomoni. Kwetu hiyo ni sifa, lakini yeye aliiweka chini akanitazama kama niliyemtukana. "Hii sponji," akasema. "Mkate wa hospitali umetobolewa tundu." Mkewe akasema taratibu, "Ni mtamu, lakini si wenyewe." Akanipa wiki mbili. Nikishindwa ataleta muokaji mwingine, mimi nitahamishiwa jiko la kambi ya wafanyakazi, na likizo itajadiliwa na hao wa huko, kuanzia sifuri.

Kesho yake ndipo ulipopiga simu ile.

Dada, sijui kama umewahi kuogopa kitu kidogo. Mimi niliuogopa unga. Nilikuwa nikiingia jikoni asubuhi nalizunguka gunia nisiliguse. Nilimwomba Mungu kwenye kila sijda, si pepo, si utajiri: beigeli. Nilirudia maneno ya mzee moja moja kama mtoto anayehifadhi sura. Unga wenye nguvu. Maji machache. Kanda mpaka uwe laini bila kulegea. Sokota kamba, izungushe kiganjani, ibane pale inapokutana. Iweke baridini ilale. Na mimi mikono yangu inataka maji! Mikono ya Mama hii, inajua njia yake, naizuia kama mtu anayemzuia mbuzi asiingie shamba la watu. Kila nilipoacha kuulainisha unga niliona kama namkana. Nilikuwa nafikiri, anachosahau yeye kule, mimi huku nakifuta mwenyewe kwa mkono.

Siku ya tisa unga ulikubali. Nilitoa mikate kwenye friji, nikatia mmoja kwenye bakuli la maji, ukaelea, dalili kwamba uko tayari. Nikauchemsha kwenye maji ya shira ya shayiri, upande huu nahesabu mpaka thelathini, upande ule thelathini, nikautoa unateleza, nikaunyunyizia ufuta, nikautia ovenini. Ulipotoka nilijua. Nikwambie sasa beigeli nzuri ilivyo, muokaji kwa muokaji. Ganda linang'aa na lina vipele vidogo vidogo, hivyo huletwa na kule kulala baridini, huwezi kuvilazimisha. Ukiligonga kwa kucha linajibu. Ukiung'ata, ganda linapasuka jembamba, halafu ndani panakukatalia. Panavuta, lazima ufanye kazi, na ukitafuna ndipo utamu wa nafaka unapokuja polepole. Haukupi kitu kwa haraka. Subira yavuta heri, wanasema. Wanasema pia ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi nilikuwa nayo yote mawili ovenini.

Alhamisi iliyopita Bwana Nasser akaja. Akang'ata. Akafumba macho. Akatafuna muda mrefu, mkewe anamtazama, Madamu Rima ameshika msalaba wake shingoni. Akafumbua macho akasema kitu kwa Kiarabu, mkewe akajibu kuwa tundu ni dogo na asali iko wapi, wakaanza kubishana New York na Montreal kama watoto, wanacheka. Moyo wangu ukafunguka. Nikaona uwanja wa ndege, nikaona mlango wetu wa bluu. Nikamwambia, "Bwana, sasa ile likizo." Akanishika bega kwa mapenzi kabisa, Dada, hakuwa na ubaya wowote. Akasema, "Habibi, sasa ndiyo haiwezekani. Nani atakayeoka? Mpaka Ramadhani ipite."

Umeelewa? Nilipokosea nilizuiwa kwa kukosea. Nilipopatia nimezuiwa kwa kupatia. Kutoka sasa mpaka Ramadhani ipite ni miezi mitano. Miezi mitano Mama atakuwa amefika wapi? Nikamwambia mama yangu ananisahau. Akasema pole, Mungu amponye, akaagiza kahawa.

Nitakuficha nini? Nilifikiria kuuharibu. Mwaga chumvi mara mbili, chemsha kupita kiasi, waseme fundi kaisha, wanifukuze nije zangu. Nilishika kopo la chumvi mkononi. Nikamwona Mama amesimama pale na upawa. Mkono ukakataa. Utasema acha tu kazi uje. Nimeliwaza sana. Lakini nikija mikono mitupu dawa zake tutazipata wapi, na wewe mwenyewe mgongo ule, utafua na kupika na kumgeuza mpaka lini?

Nilikwenda kwa Madamu Rima nikalia mbele yake, mwanamume mzima. Akanitukana kwanza, ndivyo anavyoanza akisikitika. Halafu akasema, "Fundisha mtu. Akioka, na Bwana Nasser asijue kuwa si wewe, yalla, nenda. Neno langu." Nani? Akaonyesha kidole kwenye mashine ya kahawa.

Anayeshika mashine ya kahawa ni Njeri, binti wa Kikenya, wa Nyeri. Jumapili haachi kanisa, na siku nyingine saba haachi kusema. Najua siku ni sita, lakini ukimjua utakubali. Nilipomweleza akanitazama hivi. "Hamadi, wacha nikuulize. Nikipass hii test yako, si basi mimi ndio nitafungwa? December nilikuwa niende nyumbani Krisi."

Kwa haki ya Mungu sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa naona mlango tu, sikuona kuwa namwomba mtu asimame mlangoni ili mimi nipite.

Nikamwambia basi, tuache. Akaendelea kufuta mashine yake. Baadaye akaja jikoni na aproni. "Shosho yangu alikufa akiniita na jina la auntie yangu," akasema, yaani bibi yake. "Nilikuwa hapa tu, nikiwatengenezea watu cappuccino. Nionyeshe hiyo kitu. Lakini December uwe umerudi, ama nitakuja Zanzibar nikutoe kwa nyumba na masikio."

Nikaapa. Mwezi mmoja tu, nitarudi kabla ya Krismasi yake. Kiapo hicho kiko shingoni mwangu na sasa kiko shingoni mwako pia, unikumbushe nikijisahau.

Ijumaa, kesho yake Bwana Nasser alipoonja, tukaanza. Siku ya kwanza alioka mawe. Ya pili mikate ikapasuka viungo, ikawa kama miwa iliyopindwa. "Aki hii unga imenikataa," anasema, "mimi nilizoea mandazi, unaweka kwa mafuta inafura, story imeisha." Mimi namfokea, yeye ananifokea, Madamu Rima anatufokea wote wawili. Jana nilimwona, Dada, nimegeuka kuchukua ufuta, nikageuka tena: anachovya kiganja kwenye maji anaulainisha unga kwa siri! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu kicheko kikageuka nikashindwa kukizuia. Njeri akaniambia, "Usinilie kwa dough, utaweka chumvi mara mbili."

Leo asubuhi ametoa mikate sita. Mitano ni mizuri. Si karibu na yangu, ni mizuri kuliko yangu, maana yeye hana mkono uliolelewa na mkate wa ufuta, wa kuusahaulisha kwanza. Keshokutwa Alhamisi Bwana Nasser anakuja kuonja na haambiwi nani kaoka. Akifumba macho kama siku ile, nimekuja. Akiiweka chini, sijui. Barua hii itakuwa imefika kwako kabla mimi sijakupigia, kwa hiyo ukiisoma Alhamisi, simama uombe. Mshike Mama mkono umwombee na yeye aseme amina hata kama hajui ni ya nini.

Nisalimie shemeji, mumeo, mwambie mikate hii asiile na mchuzi wa pweza kama ninavyomjua. Wasalimie wanao, wapwa zangu hao, kila mmoja ana wake mmoja mfukoni. Msalimie Baba mdogo, uniombee msamaha kwake kwa kutompigia tangu Idi. Msalimie jirani yetu mshona kofia, anayekaa na Mama ukienda sokoni. Na huyo mchumba unayenitafutia mwambie aolewe zake tu, asiningoje.

Sasa ule wa kitambaa cheupe.

Ile mikate sita ni beigeli yenyewe, nimeioka kama nilivyofundishwa. Mama hawezi kuitafuna, meno hana, na hilo ndilo lililonikaa rohoni wiki zote hizi: kwamba nilichojifunza kwa machozi ili nimfikie ni mkate asioweza kuula. Kwa hiyo leo baada ya kazi nilioka mmoja wa makosa. Nimeulainisha unga kwa maji na tui la kopo, nimeuacha dirishani ukafura, sikuuchemsha. Bwana Nasser angeutupa. Umepasuka kidogo ubavuni, sikuurekebisha.

Unakumbuka Mama alivyokuwa akitoa mikate kwenye chuma? Anaubonyeza kwa kidole gumba. Uliokamilika anasema, "Huu wa watu," unakwenda kwenye sinia la wateja chini ya kawa. Uliopasuka, ulioungua pembeni, anasema, "Huu wetu," anauweka kando. Mimi nilikuwa nikitoka chuoni namwomba Mungu ipasuke mingi.

Ukimaliza kusoma, ufungue kitambaa, umpe mkononi. Usimwambie umetoka wapi. Usimtajie jina langu, usimuulize Hamadi ni nani, umemchosha na maswali hayo na mimi yameniua. Umwache tu na mkate. Tazama kidole gumba.

Asiposema kitu, mmegee kidogo kidogo, umchovyee kwenye chai ya maziwa, ale, Mungu amjaalie afya. Usinipigie. Nitaelewa.

Lakini akiubonyeza akasema "huu wetu," nipigie, Dada. Saa yoyote, hata niko kazini, hata Bwana Nasser kakaa mezani anatafuna. Weka sauti kubwa. Usimwambie ni nani yuko kwenye simu. Mimi nitasema tu kwamba nimerudi kutoka chuoni, na nina njaa.

Mdogo wako, mpasua mikate,
Hamadi